Kabla ya kusema mtoto wa chuo ni mvivu, tuangalie nyumba yetu

Wengi kati yetu tunalipa minervali ya watoto kwa pesa ya unga, samaki, makala ao vikwembe tunavyouza sokoni. Ndiyo maana maneno yanakuwa makali nyumbani siku chuo kinaposema kwamba somo fulani litapita mtandaoni. Mtoto ananuna. Anasema hataki, afadhali angoje oditwari zifunguliwe. Mama naye anaona ni uvivu, ao ni kudharau pesa aliyoitolea jasho.

Wiki hii tunaomba tusimame kidogo kabla ya kumhukumu. Watu waliochunguza jambo hili kwa miaka mingi wanaonyesha kwamba mwanafunzi hakubali ao hakatai masomo ya mtandaoni kwa sababu ya tabia yake tu. Kuna mambo anayoyapima moyoni, na mengi kati ya hayo yanapatikana nyumbani kwetu: umeme, simu, kazi za jikoni, na maneno tunayomwambia. Kwa hiyo mama ana nguvu kubwa katika jambo hili, hata kama hajawahi kugusa kompyuta.

Jambo hili litarudi tena

Mtu anaweza kusema mambo ya mtandao yalikuja na korona na yakapita nayo. Tukumbuke pamoja. Mwezi wa Machi 2020 masomo yalifungwa nchi nzima. Wanafunzi wa miaka ya mwisho ndio waliorudi kwanza, mwezi wa Agosti. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule milango ikafungwa tena, ikafunguliwa Februari 2021. Kisha, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ikalipuka, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji wa Goma ikaambiwa ihame. Mwanzo wa mwaka 2025 vita vilifika Goma, kisha Bukavu. Benki zilifunga, watu wakatawanyika, wengine wakavuka mpaka. Kila mara swali lilikuwa lile lile: mtoto ataendelea namna gani bila kufika kwenye oditwari?

Kuna sababu nyingine isiyo ya hatari. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vyetu viliingia katika mfumo wa LMD. Mwaka mmoja una kredi 60, na katika hizo kredi zinahesabiwa pia saa ambazo mwanafunzi anatumika peke yake nje ya oditwari. Hivyo, hata siku za amani, nyumba yako imekuwa sehemu ya chuo. Kama nyumba haina nafasi ya masomo, kredi zinapungua, hata kama minervali imelipwa yote.

Maswali manne ambayo mtoto anajiuliza

Mwaka 1989, mtaalamu mmoja wa Marekani, Fred Davis, alitaka kujua kwa nini watumishi wengine wanakubali kompyuta kazini na wengine wanaikataa. Akaona kwamba kila mtu anajiuliza mambo mawili: Kitu hiki kitanifaa? Na tena: Ni chepesi kukitumia? Mwaka 2003, yeye pamoja na Viswanath Venkatesh na wenzao wakaongeza mawili mengine: watu ninaowaheshimu wanasema nini, na je, nina vifaa na mtu wa kunisaidia? Mwaka 2012 Venkatesh na wenzake wakaongeza pia bei, mazoea na furaha ya kutumia kitu. Tangu hapo, wachunguzi wa nchi nyingi wamepeleka maswali haya kwa wanafunzi wa vyuo. Na sisi tuyalete nyumbani kwetu.

*Swali la kwanza: Itanifaa?* Mwanafunzi hana shida na simu. Anashinda nayo. Shida yake ni kujua kama somo la simu litampa pointi na diploma ya kweli. Mwalimu akituma silabusi katika kikundi cha WhatsApp cha promosio kisha akapotea mpaka siku ya mtihani, mtoto anajua kwamba hakufundishwa. Lakini mwalimu akituma somo, akatoa maswali, akasahihisha na kurudisha pointi, wanafunzi wanarudi wenyewe. Kwa hiyo, mtoto akikuambia "ile si masomo," usikimbilie kumkemea. Umuulize: "Mwalimu anawafuata namna gani?" Jibu lake litakuonyesha kama shida iko kwake ao iko kwa somo lenyewe.

*Swali la pili: Nitaweza?* Wako watoto waliotoka shule za vijijini ambao hawajawahi kukaa mbele ya kompyuta hata siku moja. Wanajua kutuma sauti na picha, lakini kuandika kazi ya kurasa kumi, kuipanga vizuri na kuituma kama dokima ni jambo jingine. Mtoto wa namna hii haoni raha kusema "sijui" mbele ya wenzake wa mjini. Anasema "sitaki." Mara nyingi ukifungua lile neno "sitaki," ndani yake utakuta haya.

*Swali la tatu: Watu wangu wanasema nini?* Hapa mama anaguswa moja kwa moja. Kwetu simu ina jina baya. Tunaiona kama kitu cha michezo, cha mazungumzo ya usiku na cha wachumba. Binti akiwa na daftari mkononi tunasema anasoma. Akiwa na simu tunasema anapoteza wakati. Kumbe siku hizi daftari liko ndani ya simu. Mtoto anayesikia kila siku "weka simu chini, kamata kitabu" anaanza kuamini kwamba kile anachokifanya si masomo. Baada ya wiki chache anaacha.

*Swali la nne: Nina vifaa?* Kadiri ya hesabu za Benki ya Dunia, karibu mtu mmoja tu kati ya watano katika nchi yetu anapata umeme. Hata katika miji inayopata umeme, sote tunajua delestaji. Simu inazimika katikati ya somo. Mtoto anatembea mpaka kwenye kabini ya kuchajia, anaacha simu hapo masaa mawili, anarudi na kukuta somo limekwisha. Na umeme ukiwapo, mtandao nao unaweza kukosa. Wanafunzi wakubwa wanakumbuka siku ya mwisho ya mwaka 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchi nzima kwa karibu siku 20. Mtu aliyeona hayo anaogopa kuweka mwaka wake wote mikononi mwa mtandao. Hofu hiyo ina msingi.

Tufanye hesabu ya mega

Sokoni hatununui bila kupima. Tupime na hapa. Somo la video, ambapo mwalimu anaonekana akiongea, linakula mega nyingi sana. Saa moja inaweza kula mega 500, na mara nyingine kupita 1000. Lakini sauti inayotumwa kwa WhatsApp ni nyepesi: dakika 10 hazifiki mega 5. Dokima ya kurasa 50 za maandishi matupu nayo mara nyingi haifiki mega 5, isipokuwa kama kurasa zilipigwa picha.

Tuchukue mfano wa somo la saa 15. Kwa video, tukihesabu mega 500 kwa saa, tunafika mega 7500. Somo lile lile kwa sauti lina vipande 90 vya dakika 10. Hata tukiweka mega 5 kwa kila kipande, tunafika 450 tu. Tofauti ni zaidi ya mara 16! Na hilo ni somo moja. Muhula mmoja una masomo mengi.

Sasa fikiri juu ya mwanafunzi mwenye masomo sita ya video. Hakuna mama muuza samaki atakayeweza kulipa forfe ya namna hiyo kila mwezi. Ndiyo sababu kuna wanaongoja usiku wa manane, mtandao ukiwa mwepesi, kisha asubuhi wanalala na tunawaita wavivu. Wengine wanamwomba mwenzao awasimulie somo. Wengine wanaacha kabisa. Tena wengi wetu tunakumbuka RAM, ile kodi ya simu iliyokuwa inakula uniti tangu 2020 mpaka ilipoondolewa mwaka 2022. Bei ya mtandao ni swali la chakula cha nyumba.

Hesabu hii inatufundisha jambo la maana: wanafunzi wengi wanaokataa "masomo ya mtandaoni" wanakataa yale ya bei kubwa. Ukiwaletea sauti na dokima, wengi wanakubali.

Binti akiwa nyumbani, anaonekana hana kazi

Sehemu hii inaweza kutuuma, lakini tuiseme. Mtoto mwanamume akifungua simu kwa ajili ya somo, tunamwachia nafasi. Binti akifungua simu yake, tunakumbuka kwamba maji hayajaletwa, sombe haijatwangwa, na mtoto mdogo analia. Binti anapotoka kwenda chuoni asubuhi, hakuna anayemtuma, kwa sababu haonekani. Siku somo linapokuja kwa simu, yuko mbele ya macho yetu, na kila mtu anamtuma. Anasikiliza sauti ya mwalimu sikio moja, sikio lingine liko kwa mama. Mwisho wa siku amesikia vipande tu.

Ongeza na jambo la simu yenyewe. Ripoti za GSMA, shirika linalounganisha kampuni za simu za ulimwengu, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara wanawake wanatumia intaneti ya simu kidogo kuliko wanaume. Katika nyumba nyingi kuna simu moja kubwa, na inakaa kwa baba ao kwa kaka. Binti anaiomba. Anaipata jioni wakati betri imebaki kidogo. Tukisema binti hapendi masomo ya mtandaoni, tumwulize kwanza: simu ilikuwa kwa nani?

Hapa ndipo hatari kubwa iko. Binti anayeshindwa mitihani mara moja, mbili, anasikia watu wakisema, "Pesa inapotea, afadhali aolewe." Mwaka mmoja uliopotea kwa mvulana mara nyingi unarudiwa. Kwa binti, mara nyingi ndio mwisho wa masomo. Na yote yalianza na saa mbili ambazo hakuna aliyemwachia.

Kuna masomo ambayo simu haitoshi

Tusidanganyane pia. Mtoto anayesoma udaktari hawezi kujifunza kushona kidonda kwa kutazama. Anayesoma kilimo anahitaji shamba, anayesoma kemia anahitaji maabara, na anayejifunza ualimu anahitaji kusimama mbele ya wanafunzi wa kweli. Mwanafunzi wa namna hiyo akisema mtandao haumtoshi, ana haki. Lakini hata kwake, nadharia, maelezo na maswali ya marudio yanaweza kupita kwa simu, ili saa za oditwari na za maabara zibaki kwa kazi ya mikono. Si lazima tuchague kimoja na kutupa kingine.

Kikundi chetu kinaweza kufanya nini?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mambo mengi tuliyoyataja yanamshinda mama mmoja, lakini hayashindi kikundi. Tunapendekeza haya:

1. *Saa za masomo nyumbani.* Kaa na mwanao, angalia ratiba yake, mchague pamoja saa mbili za siku ambazo hakuna atakayemtuma. Ziandikeni kwenye karatasi na muibandike ukutani ili baba na wadogo wote wazione. Kazi za nyumbani zigawanywe kwa wavulana pia. Hii haiombi hata franka moja.

2. *Likelemba ya vifaa.* Vikundi vyetu vinajua kuzungusha pesa. Mnaweza kutenga mzunguko mmoja kwa ajili ya simu ya mkononi iliyo nzuri, ao sola ndogo ya kuchaji na taa yake. Kila mwezi familia moja inapata. Andikeni katika kitabu cha kikundi kwamba kifaa ni cha masomo ya mtoto, ili kisiuzwe siku ya shida ndogo.

3. *Mmoja anapakua, wote wanasoma.* Wanafunzi wa promosio moja wanaoishi karibu wanaweza kupanga zamu. Mmoja anapakua sauti na dokima za wiki, wengine wanazichukua kutoka kwenye simu yake kwa Bluetooth, Xender ao kadi ya memori. Kazi hiyo haili mega. Waliokuwa watano wanalipa mara moja.

4. *Nyumba ya kusomea.* Kama mama mmoja wa kikundi ana sola ao umeme usiokatika sana, mabinti watatu ao wanne wanaweza kusoma kwake kwa saa zilizopangwa, na mtu mzima akiwapo. Wataulizana maswali, na yule anayeona haya atajifunza kwa mwenzake. Wasitembee usiku; saa zipangwe mapema.

5. *Mtoto amfundishe mama.* Mwombe akuonyeshe somo lake: mwalimu anaongea wapi, kazi inatumwa namna gani, pointi zinaonekana wapi. Utaweza kutofautisha mtoto anayesoma na yule anayecheza. Tena mtoto anayemweleza mama somo lake anajiona ana thamani, naye analielewa zaidi.

6. *Tuandikie chuo.* Barua ya kikundi cha wazazi, yenye heshima na sahihi nyingi, inaweza kufika kwa Sekretari Jenerali wa masomo. Tusiombe mambo makubwa. Tuombe masomo yatumwe kwa sauti na dokima kuliko video ndefu. Tuombe kazi isifungwe siku moja, bali mtoto apewe siku tatu ao nne, kwa sababu ya delestaji. Tuombe wanafunzi wapya wafundishwe kompyuta kabla ya somo la kwanza.

Kabla ya kulipa chuo cha mtandaoni

Kuna jambo jingine ambalo wamama wanauliza. Siku hizi matangazo ya masomo ya mbali yanapita katika simu kila saa: diploma kwa miezi michache, bila mtihani, lipa leo. Hofu ya wanafunzi wengi juu ya masomo ya mtandaoni inatoka hapo. Wanaogopa kupata karatasi isiyofungua mlango wowote. Lakini masomo ya mbali yenyewe si uongo. Huko Afrika Kusini, chuo kikuu cha UNISA kimefundisha watu kwa barua tangu mwaka 1946. Kwa majirani zetu wa Tanzania, Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria mwaka 1992, na wanafunzi wake wanasoma huku wakitumika kazi zao. Kwa hiyo uzuri wa chuo haupimwi kwa kuuliza kama kiko mbali ao karibu. Uliza haya:

Chuo hiki kina ruhusa ya ministeri ya masomo ya juu, na barua ya ruhusa iko wapi? Mitihani inafanyika wapi, na nani anaisimamia? Mwalimu ni nani, na mwanafunzi anampata kwa njia gani akiwa na swali? Kuna mtu aliyemaliza hapo ambaye diploma yake imekubaliwa kazini ao katika chuo kingine? Pesa inalipwa benki kwa jina la chuo, ao inatumwa kwenye namba ya simu ya mtu?

Wakikataa kujibu hata swali moja kati ya hayo, funga mkoba wako.

Ya kuzungumza katika mkutano wa wiki hii

Tunaomba kila kikundi kitenge dakika 30 kwa maswali matatu. La kwanza: katika nyumba zetu, nani anashika simu kubwa, na kwa saa ngapi? La pili: binti zetu walio chuoni wana saa ngapi za kusoma bila kutumwa? La tatu: kati ya mambo sita yaliyotajwa juu, ni lipi tunaweza kuanza mwezi huu, bila kungoja msaada wa mtu?

Mwalikeni mwanafunzi mmoja ao wawili waje kusikiliza na kusema. Tena mmwache mtoto aseme mwenyewe kinachomzuia, bila kumkata neno. Tumezoea kumwuliza mtoto wa chuo, "Umepata pointi ngapi?" Wiki hii tumwulize kwanza, "Unakosa nini ili usome?" Huenda jibu litakuwa kitu kidogo ambacho kikundi chetu kinaweza kukipata kabla ya mtihani wa muhula huu.